Nani Unaweza Kumtegemea

Novemba iliyopita mpwa wangu alishuka kwenye Hiace ya Muleba, stendi ya Bukoba, akiwa na ndoo ndogo ya plastiki na lawama moja. Ndani ya ndoo mlikuwa na senene waliokaangwa na mama yake, wa kutumwa kwa basi hadi Dar es Salaam kwa bwana mmoja ambaye katika familia yetu mimi ndiye ninayemjua. Lawama ilikuwa yake mwenyewe.

"Shikamoo mjomba. Ombi langu hujalikubali hadi leo."

Nilidhani anasema mambo ya mchango wa harusi. Kumbe ni LinkedIn. Alikuwa amenitumia ombi la kuunganishwa tangu Septemba, na mimi sikuwa nimefungua ukurasa huo kwa zaidi ya mwaka. Wasifu ninao pale, ndiyo. Niliufungua zamani kwa amri ya mkuu wa kazi aliyerudi kutoka semina, nikaweka picha yenye tai, nikaandika kwamba mimi ni mhasibu, nikauacha uote majani. Mpwa wangu wa kwake anaupalilia kama kibanja. Ana shahada ya ualimu, masomo ya Historia na Kiswahili, aliyoipata mwaka 2020. Tangu hapo anajitolea katika sekondari moja huko Muleba, analipwa kwa michango ya wazazi inapopatikana, na kila serikali inapotangaza nafasi anaomba, yeye na maelfu ya wenzake.

Tulipokuwa tunatembea kuelekea ofisi ya basi aliniuliza, "Huyu anayepelekewa senene kila mwaka, ulimjuaje?"

Nikamwambia ni hadithi ndefu. Nimeifikiria tangu siku hiyo, nikaona ni ndefu kuliko nilivyodhani, maana haianzi na mimi.

*

Wahaya walikuwa na namna yao ya kuunganishwa kabla Emin Pasha hajasimika kituo cha Wajerumani pale Bukoba mwaka 1890. Iliitwa omukago. Tunda la kahawa yetu ya asili lina punje mbili zilizolaliana ndani ya ganda moja. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akapaka punje damu yake, wakabadilishana, wakameza. Kuanzia hapo nyumba ya huyu ilikuwa nyumba ya yule. Akibisha hodi usiku ana njaa, unamlisha. Akidaiwa, unadaiwa naye. Akifa, unamzika na kuwaangalia watoto wake. Iliaminika kwamba anayemsaliti mwenzake ile damu iliyo tumboni itamdhuru, na hakuna dawa ya kuitapisha.

Uzuri wa omukago ni kwamba ulivuka ukoo. Ndugu wa damu umezaliwa nao, huhitaji kahawa. Huyu ulimtafuta pale ambapo huna mtu: mtu wa Kiziba akiwa na safari za Ihangiro alihitaji mlango mmoja wa kubisha huko, na omukago ulimpa. Ubaya wake ulikuwa humo humo. Uliyemeza damu yake huwezi kumwambia leo sina nafasi. Kwa hiyo watu hawakula omukago na kila aliyepita njiani. Mtu alikuwa nao wachache, akawajua, wakamjua, na kijiji kizima kikajua nani kala na nani.

Kisha ikaja shule. Wamisionari wa Afrika, wale tuliowaita Mapadri Weupe, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na mwaka 1904 ikaanza Seminari ya Rubya, katika Ihangiro, ambayo leo ni Wilaya ya Muleba. Mwaka 1917 walipadirishwa Waafrika wa kwanza waliosomea pale. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, alipita Rubya, akaenda Katigondo huko Uganda, akapadirishwa mwaka 1943, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika nyakati zetu. Jina lake kila Mhaya analijua, hata wale wasiokanyaga kanisani.

Lakini mimi nawafikiria zaidi wale ambao hawakufika altareni, na ndio waliokuwa wengi. Seminari iliwachukua watoto kutoka himaya zilizokuwa zinatazamana kwa jicho la pembeni, ikawalaza bweni moja na kuwafundisha sala moja na Kilatini kimoja, kisha wengi wao ikawarudisha duniani. Huko duniani palikuwa na ofisi ya bomani, shule za misheni, maghala ya kahawa na bandari. Aliyetoka alibeba vitu viwili: mwandiko mzuri na barua ya padri. Barua hiyo ilisema aliyeileta ni kijana mwaminifu, mtoto wa fulani, amesoma hadi hapa. Mwajiri hakuhitaji kumjua kijana. Alimjua padri.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Omukago ulikuwa wa watu wawili, kila mmoja ameshika kisu. Barua ilikuwa na mtu wa tatu, na huyo wa tatu ndiye mwenye nguvu. Ukigombana naye, umegombana na kila ofisi anayojulikana.

Makarani na walimu waliotoka katika shule hizo hawakukaa wakisubiri barua maisha yao yote. Mwaka 1924 baadhi yao, akina Klemens Kiiza na Suedi Kagasheki, waliunda Bukoba Bahaya Union. Kiiza alikuwa karani wa serikali, akageukia biashara ya kahawa, na baadaye akawa mstari wa mbele katika chama cha wakulima wenyeji. Tukiyaondoa maneno makubwa ya maendeleo, chama kile kilikuwa mahali ambapo mtu mwenye kalamu alimkuta mwingine mwenye kalamu. Mkristo alikaa na Mwislamu, mtu wa Kianja na wa Kiziba. Walijadili shule, bei ya kahawa na watawala wao wa jadi. Wakulima walipokataa masharti ya serikali juu ya kahawa mwaka 1937, hadi pakatokea ghasia, watu wa namna hiyo walikuwa tayari wanajuana.

Wanawake hawakuwamo. Hapakuwa na Rubya yao wala barua yao, nami nasema hili kwa sababu anayetafuta kazi katika hadithi yangu ni mwanamke. Wanawake wa Kihaya walioondoka kwao tangu miaka ya 1930 kwenda Kampala na Nairobi, wengi wakikimbia ndoa, walisemwa vibaya na bado wanasemwa. Wachache wanaotaja jinsi walivyofanya. Aliyetangulia Pumwani alimpokea aliyefuata, akamwonyesha chumba, akamwambia nani wa kumwogopa. Baadhi yao walirudi na fedha na kununua vibanja kwa majina yao, katika nchi ambayo binti alirithi kwa shida. Huo nao ulikuwa mtandao wa kazi, ingawa hakuna aliyeuandikia katiba.

*

Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kuikata minyororo hii, na kwa muda iliikata kweli. Aliyemaliza chuo kikuu alipangiwa kazi. Barua ilitoka wizarani ikimwambia ripoti Songea, ripoti Kigoma, naye akaripoti. Miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa na wilaya ili watoto wa Bukoba na wa Kilimanjaro, waliotangulia kupata misheni, wasijaze madarasa yote. Nyumbani kwetu wazee walilalamika sana. Nikiwa mtoto niliona ni uonevu. Leo sioni hivyo. Mtoto wa mahali ambapo padri hakufika kabisa angepata wapi barua?

Lakini kamba iliyokatwa juu ya meza ilifungwa tena chini ya meza. Watanzania wakatunga maneno yake: kwanza kimemo, kile kikaratasi cha mkubwa kisemacho msaidie huyu, kisha undugunaizesheni, neno ambalo ukilisema lazima ucheke kidogo, siku hizi konekisheni. Ukimuuliza kijana yeyote wa Kashai au Hamugembe kwa nini fulani kapata kazi, atakujibu kwa neno hilo moja, wala hatakuwa na hasira. Anasema kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Mimi nilipata kazi mwaka 1994 kwa barua. Serikali ilikuwa inapunguza watumishi na ajira mpya zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Padri mmoja aliyemfundisha baba yangu alimwandikia meneja wa kampuni moja Mwanza, aliyekuwa mwanafunzi wake pia. Nilipanda MV Bukoba, miaka miwili kabla haijazama, barua nikiwa nimeifunga kwenye leso ndani ya shati. Asubuhi nilipofika pale ofisini nilimkuta kijana mwingine amekaa kwenye benchi. Alikuwa na bahasha ya kaki mapajani. Tukasalimiana, akanionyesha vyeti vyake, kwa ushamba tu wa vijana wawili wenye wasiwasi. Vilikuwa vizuri kuliko vyangu. Katibu muhtasi alitoka, akauliza nani ana barua ya padri. Nikasimama. Sikumwona tena yule kijana, na sikumuuliza jina.

Meneja yule alistaafu zamani, anaishi Dar es Salaam. Ndiye mwenye senene. Mwaka wa 30 sasa ndoo inakwenda, na msimu senene walipokosekana nilituma kahawa. Hajawahi kuniomba. Msiba wa mkewe nilisafiri siku nzima na usiku nikakaa matangani siku tatu, nikarudi na deni la nauli. Sijui kama nilikwenda kwa upendo au kwa ile barua. Nafikiri vyote viwili, na sitaki kuvitenganisha.

*

Sasa nikupeleke, msomaji, kijiji kimoja cha Wilaya ya Bukoba Vijijini kiitwacho Nyakatoke. Huenda hujawahi kukisikia, hata kama umezaliwa mkoa huu. Wanauchumi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanakijua. Mwaka 2000 mtafiti Mbelgiji, Joachim De Weerdt, alifanya jambo ambalo ni rahisi kulisema na gumu kulifanya: alihoji kaya zote za kijiji, 119, mara tano ndani ya mwaka ule. Kila mtu mzima, peke yake, aliulizwa awataje watu ambao yeye binafsi anaweza kuwategemea kwa msaada wa fedha, vitu au nguvu, au ambao wanaweza kumtegemea yeye.

Kaya 119 zinaweza kuungana katika jozi 7,021. Walipohesabu, zilizounganishwa zilikuwa jozi 490, yaani kila kaya ilikuwa na kaya nane hivi za kutegemeana nazo. Ramani hiyo imetumiwa na wataalamu wa mitandao kupimia hesabu zao kwa miaka zaidi ya ishirini. Nani aliunganishwa na nani? Ndugu, majirani, watu wa ukoo mmoja, wa dini moja, wenye marafiki wale wale. Na mali ilikuwa na neno: kaya maskini zilikuwa na nyuzi chache kuliko zilizojiweza. Mtu anayehitaji sana wa kumkimbilia ndiye mwenye wachache wa kuwakimbilia. De Weerdt na mwenzake Stefan Dercon waliangalia pia ugonjwa unapoingia nyumbani. Waliona kwamba chakula kililindwa na kijiji kizima. Hakuna aliyeachwa alale njaa kwa sababu anaumwa. Lakini kwa matumizi mengine, mbali na chakula, mtu alitegemea nyuzi zake mwenyewe.

Jambo linalonikosesha usingizi katika ramani ile ni jingine. Kwa kuwa kila mtu aliulizwa peke yake, ilionekana mara nyingi mno kwamba huyu kamtaja yule, na yule hakumtaja huyu. Wataalamu waliokuja baadaye walibishana maana yake: je, jina lililotajwa ni uhusiano uliopo, au ni matamanio ya aliyelitaja? Mimi si mtaalamu, ila najua kijiji. Pale kwetu Muleba wapo watu wangenitaja bila kusita. Mimi, nikiulizwa ghafla mchana wa jua kali, sijui kama ningewakumbuka.

*

LinkedIn ilifunguliwa Mei 2003, miaka mitatu baada ya dodoso la Nyakatoke, na Reid Hoffman na wenzake huko California. Mwaka 2016 Microsoft iliinunua kwa dola zaidi ya bilioni 26. Kanuni yake ya msingi ni kwamba huwezi kuunganishwa na mtu asiyekubali. Lazima wote wawili mseme ndiyo. Kwa hiyo yale majina ya upande mmoja ya Nyakatoke pale hayaonekani. Ramani yote imenyooka. Lakini hakuna anayeulizwa swali la Nyakatoke. Unaulizwa kama unamfahamu mtu, na mara nyingi hata hilo huulizwi kwa makini. Mpwa wangu ana watu 640. Nilimuuliza wangapi wangekuja msibani kwake. Akacheka, akasema mjomba, siyo kazi yao.

Ana haki, na ndiyo nguvu ya kitu hiki. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kwamba kazi nyingi hupatikana kupitia watu tunaowafahamu kwa mbali, kwa sababu watu wa karibu wanajua yale yale tunayoyajua sisi. Katika aliowahoji waliopata kazi kwa kupashwa habari na mtu, chini ya mmoja kati ya watano ndiye aliyekuwa akionana na mtu huyo mara kwa mara. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolipima wazo hilo ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa watu milioni 20 na kwa miaka mitano. Kampuni ilibadilisha kwa makusudi aina ya watu iliokuwa ikimpendekezea kila mtumiaji, kisha ikatazama nani alihama kazi. Granovetter alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa: waliosaidia zaidi walikuwa wa mbali, ila si wa mbali mno. Wenyewe waliopendekezewa hivi au vile hawakuambiwa kwamba wamo katika jaribio, na hili halijawapendeza wengi.

Kuna sehemu moja ya utafiti huo ambayo ningependa ibandikwe ukutani Muleba. Watu wa mbali walisaidia katika kazi zilizozama kwenye kompyuta. Katika kazi zisizo za kompyuta, waliosaidia zaidi walikuwa watu wa karibu. Sekondari anayojitolea mpwa wangu ina kompyuta nne, mbili zinawaka.

Hasara nyingine ni za kawaida, nazipita haraka. Mwaka 2012 nywila za watumiaji ziliibwa, na miaka minne baadaye ikajulikana kwamba walioguswa walizidi milioni 100. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13 kumaliza kesi Marekani, kwa kuwa ilikuwa ikichukua anwani za watu wanaofahamiana na mtumiaji na kuwatumia barua pepe za mwaliko tena na tena kwa jina lake. Yaani walibisha hodi kwa sauti yako mara tatu wakati wewe umebisha mara moja. Kwetu mtu wa namna hiyo ana jina, nisiliandike hapa.

Iliyotuumiza sisi ni ndogo zaidi. Tukiwa kwenye benchi la ofisi ya basi, ndoo miguuni, mpwa wangu aliniambia kwamba Septemba aliandikiwa ujumbe na mtu mwenye wasifu mzuri, picha safi, wafuasi wengi. Kazi ya kufundisha Kiswahili katika nchi moja ya Ghuba, nyumba na tiketi juu yao. Alitakiwa kutanguliza shilingi 180,000 za vibali. Alikopa kwenye kikundi cha mama yake, akatuma. Wasifu ule ukafutika kabla ya jioni. Mama yake hajui hadi leo, na kikundi kinalipwa kidogo kidogo kutokana na masomo ya ziada.

"Kwa nini hukuniuliza?" nilisema, na nilisema kwa ukali.

"Nilikuuliza, mjomba."

Nikatoa simu. Nywila nilikuwa nimeisahau, ikachukua dakika kumi na bando lote lililobaki. Ombi lake lilikuwa pale, katikati ya maombi ya watu nisiowajua, na chini yake ujumbe mfupi alioambatanisha: Mjomba, hawa watu unawafahamu? Wanasema wameajiri wahasibu pia. Ulikuwa wa tarehe 9. Fedha alituma tarehe 14.

Nikamuuliza kwa nini hakutumia WhatsApp, ambako ningeona mara moja. Akasema pale kuna kundi la familia, mambo yanavuja, ningemwambia mama yake. Alitaka mara moja aniulize kama mtu wa kazi anavyomuuliza mtu wa kazi.

*

Kuna utafiti mwingine uliofanyika katika mkoa wetu, na huo nao una hesabu inayotuhusu. Kati ya 1991 na 1994 kaya zaidi ya 900 za Kagera zilihojiwa, wakati UKIMWI ulipokuwa unafagia nyumba zetu. Mwaka 2004 na tena 2010 watafiti waliwafuata watu wale wale popote walipohamia, hadi nje ya nchi. Waliohama mkoa au kijiji walikuwa wamewaacha mbali kimaisha wenzao waliobaki. Na uchambuzi mmoja uliotokana na kazi hiyo ulionyesha kwamba kukiwa na balaa nyumbani, aliyehama anabeba; akipata balaa yeye, nyumbani hawabebi. Uzi unavuta upande mmoja. Ila mzigo wenyewe ulikuwa mdogo, asilimia 3 hadi 5 ya kile alichokipata kwa kuhama, kwa hiyo tunaolalamika kwamba ndugu wanatufilisi tumepunguziwa maneno.

Ndoo ilipakiwa saa moja asubuhi iliyofuata. Nilimpigia yule mzee kumwambia ipo njiani, na safari hii nikaongeza sentensi ambayo sikuwahi kuisema kwa miaka 30: nina mpwa, ni mwalimu, hana kazi. Akanyamaza kidogo. Akasema, mwanangu, wote niliowajua wamestaafu au wamekufa. Kisha akauliza kama senene mwaka huu ni wengi.

Januari mpwa wangu alipata kazi ya wiki tano. Aliiona LinkedIn, imebandikwa na mwanamke waliyekaa meza moja mara moja tu, kwenye mafunzo ya siku mbili Mwanza. Ni kazi ya udadisi: kuzunguka vijiji vya Muleba na kishikwambi, kuhoji kaya kwa niaba ya watafiti. Bukoba ina kazi hizi kuliko miji mingi ya ukubwa wake, matunda ya watu wale wale waliokwenda Nyakatoke. Usaili ulikuwa wa haki, anasema. Walikuwa arobaini wakachukuliwa kumi na wawili, na hakuna aliyeulizwa barua ya mtu. Nikamuuliza kuhusu wale ishirini na wanane. Akaniangalia kama anayejiuliza hawa wamenihusu nini.

Jumapili kabla ya kuanza alikuja nyumbani kufanya mazoezi, akanikalisha sebuleni kwangu kama mkuu wa kaya. Maswali ya vyumba, maji, mifugo, watoto. Tulipofika mahali pa watu ninaoweza kuwaendea nikipata shida, nilitaja majina saba. Akayaandika yote, akauliza kama wameisha. Nikasema wameisha.

"Wewe je?" nikamuuliza. "Wako ni nani na nani?"

"Mdadisi hajibu, mjomba," alisema, akagusa kioo kwenda swali linalofuata.